Wenyeji wa Ngozini

Kunja mkono wa shati mpaka begani. Ikiwa ulizaliwa Afrika Mashariki katika miaka hamsini iliyopita, yaelekea utakuta kovu dogo la mviringo, limebonyea kidogo katikati. Wapo wanaoliita kovu la ndui, lakini ndui ilishatokomezwa. Hilo ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Muuguzi aliilaza sindano karibu sambamba na mkono, ikapita ndani ya unene wa ngozi bila kufika msulini, na pakatokea kivimbe kama cha kuumwa na mbu. Wiki kadhaa baadaye kikaja kipele, kikatunga usaha, kikapasuka. Mama yako alionywa asikikamue wala asikipake dawa.

Kipele kile kilikuwa kazi ya seli T. Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba seli hizi ni askari wanaozunguka na damu, na kwamba ngozi ni ukuta wa boma, kazi yake kuzuia tu. Maelezo hayo yana kasoro, na kasoro yenyewe ina historia ndefu. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu walikutana na seli za ajabu ngozini, wakazidhania neva, au ajali, au mabaki yasiyo na kazi, wakaendelea na safari yao. Sababu si ngumu kuielewa. Damu huchoteka kwa sindano, panya hufugika kwa mamia. Ngozi ya binadamu aliye hai, hakuna anayekugawia.

Tuanze na mtu ambaye Dar es Salaam ilimwona. Robert Koch, Mjerumani aliyetambulisha bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifika kwenye pwani yetu mwaka 1897 kuchunguza malaria. Mwaka 1906 alirudi na kupiga kambi katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, akitafuta tiba ya malale. Dawa ya atoksili aliyowapa watu huko iliwapofusha baadhi yao, jambo lisiloandikwa chini ya sanamu zake. Kabla ya hayo yote, mwaka 1890, aliwatangazia madaktari waliokusanyika Berlin kwamba amepata kitu cha kukidhibiti kifua kikuu. Kilikuwa maji yaliyotokana na bakteria wenyewe, yakaitwa tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Hawakupona.

Dawa iliyoshindwa kuponya iligeuka kuwa kioo. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, alikwaruza tone la tuberkulini kwenye ngozi za watoto na kuona kwamba waliowahi kuambukizwa walivimba mahali pale. Mwaka uliofuata Mfaransa Charles Mantoux akaiingiza kwa sindano, na kipimo chake kinatumika mpaka leo. Cha kushangaza ni muda. Anayedhurika kwa karanga huvimba ndani ya dakika. Uvimbe wa Mantoux husomwa baada ya saa 48 mpaka 72, nao huwa mgumu kwa kidole kinachoupapasa. Kitu gani hutembea taratibu namna hiyo? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1942, pale Karl Landsteiner na Merrill Chase, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, walipojaribu kuhamisha mzio wa ngozi kutoka simbilisi mmoja kwenda mwingine. Maji ya damu, ambamo kingamwili huelea, hayakuuhamisha. Seli ziliuhamisha. Kinga, basi, ilikuwa na tawi lake linalotembea kwa miguu yake.

Seli nyingine ya ngozini ilikuwa imeonekana mapema zaidi, ikavishwa jina lisilo lake. Mwaka 1868, Berlin hiyohiyo, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 21 aitwaye Paul Langerhans aliloweka vipande vya ngozi ya binadamu katika kloridi ya dhahabu, rangi iliyopendwa na wachunguzi wa neva. Katika tabaka la juu kabisa aliona seli nyeusi zenye mikono mirefu, kila moja kama pweza aliyejinyoosha mwambani. Kwa kuwa dhahabu ilikuwa rangi ya neva, kijana akakata shauri kuwa seli zile ni za neva. Kosa lake lilikuwa la heshima: aliamini kifaa chake. Mwaka uliofuata aliona ndani ya kongosho vile visiwa vinavyobeba jina lake mpaka leo, vitengenezavyo insulini. Kisha kifua kikuu kikampeleka kisiwani Madeira kutafuta hewa nzuri, na huko akafa mwaka 1888. Ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1970 ndipo ikathibitika kwamba pweza wa Langerhans ni seli za kinga. Kazi yao ni kunasa vitu vigeni ngozini na kuvionyesha kwa seli T. Mkumbuke pweza huyu; tutamrudia.

Katikati ya hadithi pana vita. Marubani wa Uingereza waliokuwa wakiungua ndani ya ndege zao walihitaji ngozi mpya, na ngozi ya mtu mwingine haikushika. Peter Medawar alitumwa Glasgow, akafanya kazi na daktari mpasuaji Thomas Gibson juu ya mgonjwa mmoja, mwanamke aliyeungua vibaya. Vipande vya ngozi ya kaka yake vilishika kwa muda, vikafa. Walipopandikiza tena kutoka kwa kaka yuleyule, vilikufa haraka zaidi. Ripoti yao ya mwaka 1943 ilikuwa na maana moja kubwa: mwili ulikuwa unakumbuka. Medawar alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 pamoja na Macfarlane Burnet, lakini ni seli ipi hasa inayokumbuka, hilo halikuwa limejulikana.

Aliyelijibu alikuwa akifanya kazi katika zizi la zamani la farasi nje ya London. Jacques Miller, mzaliwa wa Ufaransa aliyekulia Shanghai na Australia, alikuwa akichunguza saratani ya damu katika panya. Mwaka 1961 alitangaza kwamba panya walioondolewa thaimasi, ile tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, mara tu baada ya kuzaliwa hawakuweza kukataa ngozi ngeni. Panya wa rangi moja waliota viraka vya manyoya ya rangi nyingine, na ukoka ule ukastawi kana kwamba uko nyumbani. Mpaka wakati huo thaimasi ilionekana kama makaburi ya seli. Medawar mwenyewe, hata baada ya matokeo ya Miller, aliandika kwamba huenda kujaa kwa seli hizo mle ni ajali tu ya mabadiliko ya viumbe. Ajali hiyo ndiyo iliyozipa seli T herufi yao.

Hapa sina budi kueleza kidogo namna seli T ya kawaida inavyosoma, maana bila hivyo zisizo za kawaida hazitaeleweka. Seli T haimwoni bakteria mzima. Huoneshwa kijipande cha protini kilichowekwa kwenye molekuli maalumu juu ya seli nyingine, mithili ya chakula kilichopakuliwa kwenye sahani. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel waligundua mjini Canberra, mwaka 1974, kwamba seli T hutazama vyote viwili, chakula na sahani. Sahani hizi hutofautiana mtu na mtu, ndiyo maana ngozi ya kaka ilikataliwa. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa sheria: seli T husoma protini, kwenye sahani ya mwenye mwili, kwa kipokezi kilichoundwa kwa nyuzi mbili, alfa na beta.

Sheria ikaanza kuvuja kwa bahati. Mwaka 1984, wakati maabara kadhaa zikishindana kutafuta jeni la uzi wa alfa, kundi la Susumu Tonegawa huko Massachusetts lilinasa jeni ambalo halikuwa linatafutwa. Lilifanana na jeni la kipokezi lakini halikulingana na protini ya alfa iliyojulikana. Wakaliita gama. Palikuwa na jeni lisilo na mwenyewe, kama koti lililosahaulika harusini. Mwaka 1986 Michael Brenner na wenzake walionyesha kwamba mwenye koti yupo: seli T za kundi jingine kabisa, zenye kipokezi cha gama na delta. Katika damu ni chache, kwa kawaida chini ya moja katika kumi ya seli T zote. Wengi walizihesabu, wakazipita.

Waliozikuta kwa wingi hawakuwa wakichungulia damu. Mwaka 1983, kundi moja la Texas na jingine la Vienna yalitangaza kuona katika tabaka la juu la ngozi ya panya seli zenye mikono kama za Langerhans, lakini zilizobeba alama ya seli T. Miaka michache baadaye ikabainika kuwa ni za gama-delta, na kwamba karibu zote zina kipokezi kilekile, herufi kwa herufi. Jambo hili linahitaji kutulia kidogo. Sifa kuu ya seli T ni kwamba kila moja ina kipokezi chake, ili kati ya mamilioni apatikane mmoja wa kumtambua adui yeyote. Kikosi chenye macho ya aina moja kinaangalia nini? Mwaka 1988, Wendy Havran na James Allison, wakiwa Berkeley, walionyesha kwamba seli hizi ndizo za kwanza kutoka kwenye thaimasi ya kijusi cha panya. Huondoka kabla panya hajazaliwa, hupanda ngozini, na mlango hufungwa nyuma yao. Panya mkubwa hawezi kutengeneza nyingine. Allison baadaye alihamia kwenye saratani na kushinda Nobel ya mwaka 2018. Havran alibaki na ngozi, na mwaka 2002 kundi lake likaonyesha kazi ya seli hizo. Ngozi inapokatwa, huinamia jirani zake walioumia na kutoa kichocheo cha kukua, kidonda kikafunga. Panya wasio nazo hupona kwa kuchelewa. Askari aliyetarajiwa ameshika upanga alikutwa ameshika sindano na uzi.

Binadamu, je? Hapa watu wengi walivunjika moyo. Ngozi yetu ilipochunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, pamoja na kazi za Jan Bos wa Amsterdam aliyekuwa miongoni mwa waliolipa jina wazo la "mfumo wa kinga wa ngozi", ilionekana kwamba seli T nyingi ziko chini zaidi, zimejikusanya kandokando ya mishipa midogo ya damu, na nyingi ni za alfa-beta. Kile kikosi cha panya hatuna. Tena tuna ushahidi wa kukipoteza: jeni liitwalo Skint1, ambalo panya hulihitaji ili kukilea kikosi hicho, lipo kwetu kama gofu, limevunjikavunjika lisiweze kuzaa protini. Kwa maoni yangu, hapa ndipo utafiti ulipokaa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Watu walitafuta kwa mtu kile walichokipata kwa panya, na walipokikosa wakadhani hakuna kitu. Mwaka 2009 kundi la Havran lilirudi na vipande vya ngozi ya binadamu na kukuta kwamba kazi ipo ingawa mfanyakazi ni mwingine. Seli T zinazoishi ngozini kwetu, za alfa-beta na za gama-delta pia, hutoa kichocheo cha kukua kidonda kinapokuwa kipya. Zile zilizochukuliwa kwenye vidonda sugu zilikuwa zimenyamaza.

Lakini ushahidi mzito wa ngozi ya binadamu ulitoka kwa ugonjwa wa kale, ambao panya hawakuhitajika kuuigiza. Ukoma husababishwa na bakteria aliyetambuliwa na Gerhard Armauer Hansen mjini Bergen, Norway, mwaka 1873. Huanza kwa baka. Mhudumu wa afya huligusa kwa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho, na mgonjwa haoneshi kidole kwa sababu hakuhisi. Bakteria huyo hapendi joto, ndiyo maana hukaa ngozini na kwenye neva zilizo karibu na uso wa mwili. Mwaka 1966 Dennis Ridley na William Jopling waliupanga ukoma kwa mfuatano wa ncha mbili. Upande mmoja wako wagonjwa wenye mabaka machache na bakteria wachache mno, kinga yao ikipigana kwa nguvu hadi kuumiza neva zao wenyewe. Upande wa pili wako wenye vinundu tele na bakteria wasiohesabika, kinga yao ikiwa kana kwamba imelala. Ugonjwa mmoja, kimelea kimoja, na tofauti yote iko kwa mwenye ngozi. Hakuna maabara ingeweza kubuni jaribio safi zaidi ya hilo, na inauma kukumbuka kwamba waliolibeba ni watu waliotengwa na jamaa zao, kuanzia Walezo kule Unguja hadi Alupe mpakani mwa Kenya na Uganda.

Uganda nayo ilitoa jaribio lake. Kuanzia mwaka 1960, watoto kutoka familia zenye wagonjwa wa ukoma, wengi wao Teso, waligawanywa: wengine wakachanjwa BCG, wengine hawakuchanjwa. J. A. Kinnear Brown na wenzake waliripoti kwamba chanjo ya kifua kikuu ilipunguza ukoma kwa takriban asilimia 80. Burma, chanjo hiyohiyo ilizuia kama asilimia 20 tu. Tofauti hiyo imewapa wataalamu kazi ya miongo. Ila jambo la msingi lilikuwa wazi: bakteria wawili hawa ni ndugu, wamevaa joho moja la nta na mafuta, na ngozi iliyofundishwa kumjua mmoja inaweza kumkamata mwingine.

Mwaka 1989 Robert Modlin na wenzake walikata vijipande vya mabaka ya ukoma na kuhesabu. Seli za gama-delta, zile adimu za damuni, zilikuwa zimejazana katika mabaka ya wagonjwa ambao kinga yao ilikuwa inaamka ghafla. Zilijazana pia katika vidonda vya leishmania ya ngozi. Zilikuwa adimu kwa sababu watu walizitafuta barabarani wakati zenyewe ziko majumbani.

Na lile joho la nta? Hapo ndipo sheria ya protini ilipoanguka kabisa. Mwaka 1979 Andrew McMichael wa Oxford (huyuhuyu ambaye miaka ishirini baadaye angeshirikiana na watafiti wa Nairobi kujaribu chanjo ya UKIMWI) na César Milstein wa Cambridge walielezea molekuli iliyo juu ya seli changa za thaimasi ya binadamu. Baadaye ikaitwa CD1. Ilifanana na zile sahani, lakini haikutofautiana mtu na mtu. Moja ya aina zake, CD1a, ilikutwa imetapakaa kwenye seli moja kuliko nyingine: pweza wa Langerhans. Ikawa alama ya kumtambulia chini ya darubini, na kwa miaka kadhaa haikuwa na kazi nyingine inayojulikana. Panya hana CD1a, hana CD1b, hana CD1c. Sayansi iliyojengwa juu ya panya haikuwa na sababu ya kuuliza.

Brenner, yule wa gama-delta, na mwenzake Steven Porcelli waliuliza. Mwaka 1994 walionyesha kwamba seli T fulani za binadamu huitikia CD1b iliyopakiwa kitu kisicho protini: asidi ya mikoli, nta nzito ya ukuta wa bakteria wa kifua kikuu. Mwaka uliofuata seli T zilizotolewa kwenye baka la mgonjwa wa ukoma zilionekana kusoma mafuta ya bakteria kwa njia hiyohiyo. Kisha ikaonekana kwamba mabaka ya wagonjwa wenye kinga imara yamejaa seli zenye CD1, na vinundu vya wale wengine havina kitu. Ukifikiri kwa upande wa bakteria utaona werevu wa mpango huu. Protini anaweza kuibadilisha kidogo akapotea machoni. Joho lake la nta akilivua, amekufa.

Swali lililobaki lilikuwa la kutisha kidogo. Tabaka la juu la ngozi limejaa mafuta yetu wenyewe. Seli za Langerhans zimejaa CD1a. Je, pana seli T zinazosoma mafuta yetu? Mwaka 2010 Annemieke de Jong na wenzake, pamoja na Branch Moody wa Boston, walijibu kuwa zipo, tena si chache, katika damu na ngozi za watu wenye afya. Mwaka 2014 wakayataja mafuta yenyewe. Moja lilikuwa skwalini. Wasomaji wa Pwani wanaijua skwalini bila kulijua jina lake: ndiyo iliyo tele katika sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi hupaka majahazi ili maji yasipenye mbao. Ngozi zetu hutoa skwalini kila saa na kujipaka zenyewe kwa sababu ileile. Jahazi lililo zima, mafuta hukaa nje. Ngozi ikichubuka, mafuta ya juu hukutana na CD1a iliyo chini. Hayana kichwa kikubwa cha kuchomoza nje ya sahani, hivyo hujizamisha ndani yake na kuyasukuma nje mafuta mengine yaliyokuwa yakiizuia seli T isikaribie. Seli T hugusa sahani yenyewe na kuamka. Kengele ya nyumba imefungwa kwa mafuta ya nyumba.

Kutoka hapo mambo yaliyoonekana hayana uhusiano yakaanza kuitana. Sumu ya nyuki ina kimeng'enya kinachokata mafuta ya seli zetu. Mwaka 2015 kundi la Graham Ogg, Oxford, lilionyesha kwamba vijipande vinavyokatwa hupakiwa kwenye CD1a na seli T huviitikia. Mdudu hakuleta chakula chake, amekata cha mwenyeji. Mwaka uliofuata, kimeng'enya cha jamii hiyohiyo kilikutwa katika ngozi ya wagonjwa wa soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba meupe, na kingine kwa vijidudu vya vumbi la nyumbani. Mwaka huohuo ikabainika kwamba urushioli, mafuta ya mmea unaowababulisha Wamarekani wakipita msituni, hupita kwenye CD1a pia. Mmea huo ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Mtu aliyekula embe kwa pupa bila kuosha utomvu akaamka na vipele pembeni mwa midomo anaujua ukoo huo. Na akina mama wa Mtwara na Lindi wanaobangua korosho kwa mkono, wanaojipaka majivu au mafuta kabla ya kuanza ili vidole visiungue, wameshughulika na mafuta ya jamii hii muda mrefu kabla ya maabara yoyote kuyapa jina. Sehemu ya madhara yake ni kuunguza tu, kama asidi. Sehemu nyingine ni mzio, na huo hutaka seli T.

Si mafuta peke yake. Seli T nyingine, ziitwazo MAIT, husoma vitu vinavyotokana na utengenezaji wa vitamini B2, kazi ambayo bakteria na kuvu wanaiweza na sisi hatuiwezi. Sahani yake, MR1, ilitambuliwa na Wafaransa mwaka 2003, na chakula chenyewe kilijulikana Melbourne mwaka 2012. Kwa hiyo seli hizi zinaponusa utengenezaji wa vitamini, zinajua jikoni kuna mpishi asiye wa ukoo wetu. Mwaka 2019 maabara ya Yasmine Belkaid ilionyesha kwamba MAIT za ngozini kwa panya lazima zikutane na bakteria katika wiki za kwanza za maisha. Zikichelewa, hazijai tena. Zikiwepo, husaidia kidonda kupona.

Belkaid alizaliwa Algiers na kuanzia mwaka 2024 anaongoza Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Nadhani yeye ndiye aliyeupindua zaidi ule mfano wa askari na ukuta. Mwaka 2002 alionyesha, katika panya walioambukizwa leishmania, kwamba seli T za kutuliza huwaacha vimelea wachache wabaki ngozini baada ya kidonda kupona, na kwamba masalia hayo ndiyo yanayomlinda panya asiugue tena. Ukiwafuta wote, kinga nayo inaondoka. Baadaye maabara yake ilihamia kwa bakteria wa kawaida wa ngozi, wapangaji wetu wasio na madhara, na mwaka 2018 ikaonyesha kwamba hata hao huamsha seli T za aina isiyo ya kawaida zinazoharakisha kufunga kwa jeraha.

Hizo seli za kutuliza, ambazo ugunduzi wake uliwapa Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell Nobel ya mwaka 2025, zina makao zinayoyapenda ngozini: pembezoni mwa mashina ya nywele. Mwaka 2017 kundi la Michael Rosenblum, San Francisco, liliziondoa kwa panya walionyolewa, na manyoya hayakurudi. Zilikuwa zikiziamsha seli shina za nywele. Kinyozi hana habari, lakini anazitegemea.

Idadi ya wenyeji wote hawa haikujulikana mpaka karibuni. Mwaka 2006, Rachael Clark na Thomas Kupper wa Boston walichukua ngozi iliyobaki baada ya upasuaji, ile ambayo ingetupwa, wakaihesabu seli zake T. Ngozi ya mtu mzima mmoja ina takriban bilioni 20, karibu mara mbili ya zile zilizo katika damu yake yote. Miaka miwili kabla, huko Zurich, ngozi iliyoonekana safi kabisa ya wagonjwa wa soriasisi ilipandikizwa juu ya panya wasio na kinga. Kiraka kikaota soriasisi juu ya panya, bila tone la damu ya mgonjwa kuongezwa. Ugonjwa ulisafiri na ngozi, kwa sababu seli zilizoubeba zilikuwa zinaishi mle. Mwaka 2009 watafiti wa Melbourne wakaonyesha kwa panya kwamba baada ya maambukizi ya herpesi seli T za kumbukumbu hubaki palepale virusi vilipopita, hazirudi damuni.

Karibu kila ukoo una mtu asiyetumia dawa za salfa. Alipewa zamani, labda kwa malaria, labda kwa kikohozi, na likamtokea baka la duara mdomoni au mkononi, jekundu kwanza, kisha jeusi. Miaka ikapita. Duka la dawa likampa kidonge kingine cha jamii ileile, na ndani ya saa chache baka likawaka tena, si mahali pengine, palepale. Chini ya darubini, katika ngozi iliyonyamaza ya baka hilo, seli T zimejipanga kwenye tabaka la juu, zimelala. Muulize, atakukunjia mkono wa shati na kukuonyesha.